Daraja la Mbao na Uzi wa Tatu

Wacha nianze na deni. Mwaka jana niliandika kuhusu mpiga gitaa mmoja wa huku kwetu Murera, rafiki yangu, nikasema gitaa lake linalia kama mvua ya mawe juu ya mabati. Ana gitaa la jazz, lile la tumbo tupu lenye matundu mawili marefu kifuani. Nilisema shida ni daraja lake la chuma. Nikamshauri, mbele ya wasomaji, aweke la mbao ili airudie sauti ya wazee.

Msee akanisikia. Akatoa chuma, akaweka mbao. Show ya kwanza baada ya hapo, katikati ya solo, uzi wa tatu ukaanza kuimba wimbo wake peke yake. Aliiacha solo akarudi kupiga ridhimu. Hakuniambia kitu, na hiyo ndiyo iliniuma.

Kwa gitaa la kawaida, lile la kanisani, daraja limegundishwa kifuani. Kwa hili la jazz halijagundishwa popote. Limesimama juu ya kifua kilichobenuka, limeshikwa na mkazo wa nyuzi tu. Legeza nyuzi zote kwa pamoja, linaanguka. Mtikiso wa uzi unapita hapo kabla ya kufika kifuani, kwa hivyo daraja limetengenezwa na nini si suala la urembo. Mbao hupunguza ule ukali wa juu: noti inatoka kavu, inasema neno lake, inanyamaza. Chuma, kama Tune-o-matic ya Gibson ya miaka ya 1950, huing'arisha noti na kuirefusha. Lakini pia huwa na skrubu kwa kila uzi, ya kurekebisha urefu wake bila kugusa mwingine.

Hapo kwa skrubu ndipo nilipokosea.

Kuhusu sauti, bado nasimama na maneno yangu. Msikilize D.O. Misiani na Shirati Jazz. Jina ni Jazz, muziki ni benga, na gitaa linakimbia kama nyatiti: noti fupi fupi, kila moja ikimpisha mwenzake. Noti ndefu ingepanda mgongoni mwa inayofuata. Ama mchukue Fundi Konde, mtu wa Pwani aliyezaliwa 1924, kati ya Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Gitaa lake lina ulaini wa jazz, lakini haling'ang'anii hewani. Linaacha nafasi ya maneno. Kwangu, ule ufupi ni nusu ya maana ya muziki huu. Ukiirefusha noti, umetafsiri vibaya.

Sasa kosa. Madaraja mengi ya mbao ya magitaa haya yamechongwa vipandio juu, kimoja mbele, kingine nyuma, kufidia urefu wa kila uzi. Mara nyingi vimepimwa kwa nyuzi nene za jazz, ambazo uzi wa tatu umezungushiwa waya. Rafiki yangu hupiga mugithi wikendi, na anatumia seti nyepesi kwa sababu inavutika vizuri chini ya kidole. Kwa seti hiyo uzi wa tatu ni mtupu, na uzi mtupu unataka kipandio kilichorudi nyuma zaidi. Usipoupa, kila ukipanda shingo sauti yake inazidi kwenda juu. Ukisukuma daraja zima kuuokoa, unaharibu nyuzi nyingine.

Kulijua hili ni jaribio la dakika moja. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, upige, usikilize. Kisha ukandamize hapo hapo, upige tena. Sauti mbili zikilingana, uko poa. Ya pili ikiwa juu, uzi unahitaji urefu zaidi. Sikulifanya. Sikumuuliza hata anatumia nyuzi gani. Niliandika na masikio ya rekodi, na yeye ndiye anayesimama mbele ya watu.

Hii ni shida yetu tunaohakiki muziki wa zamani. Tunapenda neno "asili", tunalitupa bila kulipima. Mbao ni asili, chuma ni ugeni, kana kwamba gitaa lenyewe halikuja na meli. Kuna wale husema, weka mpingo, ni mti wetu. Kweli, ni mgumu na mzito hadi unazama majini, na dunia inaununua kwa klarineti na obo. Lakini wachongaji wa Ukambani waliuona ukipungua hadi wakageukia miti kama mwarubaini na jakaranda, na tangu 2017 biashara yake ya kimataifa iko chini ya udhibiti wa CITES. Ukinishauri mpingo, niambie pia unatoka wapi.

Jumamosi moja nilienda kwake, upande ule kahawa imegeuka ploti. Nikaomba msamaha, nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Ungeandika," akasema.

Tulikuwa na njia tatu: anunue nyuzi nene, arudishe chuma, ama tuchonge upya kipandio cha uzi wa tatu. Aliikataa ya kwanza. Vidole ni vyake. Tukachukua tupa ndogo, tukakisogeza nyuma kidogo kidogo, tukipima freti ya 12 kila mara, hadi sauti mbili zikakutana. Halafu akapiga ile solo aliyoiacha. Ilikuwa kavu, fupi, na ndani ya sauti.

Kwa hivyo ushauri wangu sasa unaanza kwingine. Kwanza nyuzi unazotumia, kisha mahali unapopigia, ndipo sauti unayoitamani. Kwenye baa yenye ngoma na kelele, mbao humezwa. Daraja la chuma bado analibeba kwenye mfuko wa gitaa, na sijamwambia alitoe.