Tafsiri na Uungwana: Ikhtilafu za Wakristo katika Biblia za Kiswahili

Neno "tafsiri" lina kazi mbili katika Kiswahili. Kwanza, ni kuyatoa maneno katika lugha moja na kuyatia katika nyingine. Pili, ni kueleza maana ya jambo lililofumbika: mtu hutafsiri barua, na hutafsiri pia ndoto. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa kazi hizo mbili hazitengani katika Biblia za Kiswahili. Wafasiri walipofika kwenye vifungu ambavyo Wakristo hawakubaliani juu ya maana yake, aghalabu walilinda amani kwa kunyamaza. Swali la mhakiki ni hili: je, kunyamaza huko ni uungwana, au ni kumnyima msomaji haki yake?

Swali hili si la maktabani tu. Mathalan, katika mji wa Isiolo, kaskazini mwa Kenya, hukutana Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Katika miji ya namna hii si ajabu ukoo mmoja kuwa na Mkatoliki, Mmethodisti na Mpentekoste. Wote watatu husoma Maandiko kwa Kiswahili, na wanapohitilafiana hoja zao hujengwa juu ya maneno ya Kiswahili. Wengi wao hawana njia ya kujua kama chanzo cha ikhtilafu yao kimo katika Kiyunani cha asili au katika uamuzi wa mfasiri.

Njia ya kwanza ya kunyamaza ni kutohoa. Kitenzi cha Kiyunani "baptizo" kina maana ya kuchovya au kuzamisha. Hata hivyo, tafsiri za Kiswahili zimeshika "kubatiza", neno ambalo halimwambii msomaji kama maji ni ya kuzamia au ya kumiminiwa kichwani. Kwa hiyo Mpentekoste anayemzamisha mtu mzima na Mmethodisti anayembatiza mtoto mchanga husoma aya moja bila yeyote kusutwa nayo. Hekima ya njia hii huonekana zaidi mtu akikumbuka yaliyotukia kwingineko. Wafasiri Wabatisti wa Biblia ya Kibengali walipotumia neno la kuzamisha, chama cha Biblia cha Marekani kilikataa kuigharimia kazi hiyo, na mwaka 1836 Wabatisti wa huko wakaunda chama chao wenyewe. Mwaka 1840 wenzao wa Uingereza nao walifanya vivyo hivyo. Kitenzi kimoja kilitosha kuwagawa watu. Kiswahili kiliepushwa na mgawanyiko wa namna hiyo kwa neno lisilofafanuliwa.

Njia ya pili ni kuligawa neno moja la asili katika maneno mawili. Katika Biblia ya Muungano iliyokamilika mwaka 1952, "episkopos" ni "askofu" katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 3. Lakini katika Matendo ya Mitume, sura ya 20, aya ya 28, neno hilohilo limekuwa "waangalizi". Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilikuwa imekwisha kufanya vivyo hivyo. Mgawanyo huu una taathira. Watu wanaoitwa waangalizi katika aya ya 28 ndio walioitwa wazee wa kanisa katika aya ya 17. Mpresbiteri hujenga hoja yake hapo hasa: kwamba hapo mwanzo mzee na askofu walikuwa mtu mmoja. Msomaji wa Kiswahili peke yake hawezi kuiona hoja hiyo, achilia mbali kuikubali au kuikataa. Huenda Mwanglikana ana majibu mazuri, lakini hapati nafasi ya kuyatoa kwa sababu swali lenyewe limefichwa.

Njia ya tatu si kunyamaza, bali kila upande kushika neno lake. Salamu ya malaika kwa Mariamu katika Injili ya Luka, sura ya 1, aya ya 28, ni mfano bora. Wakatoliki katika sala yao hutumia "umejaa", kwa kufuata Kilatini. Biblia ya Muungano inatumia "uliyepewa". Mara nyingi tofauti hii hujadiliwa kana kwamba upande mmoja umetafsiri na mwingine umepotosha. Uchunguzi wa sarufi haukubaliani na hukumu hiyo. Umbo la Kiyunani "kecharitomene" lina mambo mawili kwa pamoja. Liko katika kauli ya kutendwa, yaani yupo aliyetoa neema na yupo aliyeipokea. Tena njeo yake ni ya tendo lililotimia na hali yake ingalipo. "Uliyepewa" limehifadhi kauli ya kutendwa. "Umejaa" limehifadhi hali iliyopo, kwa kiambishi -me-, lakini limemwacha mtoaji. Ni kweli kwamba -me- haipokei kirejeshi ndani ya kitenzi, na hivyo -li- katika "uliyepewa" yaweza kubeba pia maana ya hali. Hata hivyo haiibebi kwa uwazi. Kila upande, basi, umeshika nusu ya neno, na nusu anayoikosa mmoja iko mkononi mwa mwenzake.

Inafaa kulinganisha hali hii na ya jirani Mwislamu wa Isiolo. Tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotolewa mwaka 1969, humpa msomaji matini ya Kiarabu, Kiswahili chake na maelezo ya mfasiri. Msomaji huyo anajua wakati wote kuwa Kiswahili alicho nacho ni tafsiri, na kwamba nyuma yake yako maneno mengine. Msomaji wa Biblia ya Muungano, ambayo kwa kawaida huchapishwa bila maelezo ya maana, huweza kudhani kwamba Mtume Paulo mwenyewe ndiye aliyechagua kati ya "askofu" na "mwangalizi".

Ukosefu wa maelezo una historia yake. Chama cha Biblia cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1804, kilijiwekea kanuni ya kuchapisha Maandiko bila maelezo wala ufafanuzi, ili madhehebu mbalimbali yaweze kufanya kazi pamoja. Kanuni hiyo ilikuwa ya kiungwana kwa wakati wake. Lakini mwaka 1968 Vyama vya Biblia vya Dunia na Vatikani vilikubaliana juu ya misingi ya kutafsiri pamoja, na misingi hiyo iliruhusu maelezo ya kumsaidia msomaji. Biblia Habari Njema, iliyokamilika katika miaka ya 1990, ilitokana na ushirikiano wa namna hiyo. Kwa hiyo kizuizi cha zamani hakipo tena.

Wako watakaosema kwamba tanbihi zitawachanganya waumini na kuchochea ubishi. Hoja hii haina uzito mkubwa, kwa kuwa ubishi upo tayari. Kinachokosekana ni ujuzi wa kinachobishaniwa. Watu wawili wanaobishana juu ya "umejaa" na "uliyepewa" bila kujua Kiyunani hawana budi kushukiana nia. Wakilijua umbo la asili, wataweza kuendelea kutokubaliana, lakini kila mmoja atakuwa na sababu ya kumsikiliza mwenzake.

Tanbihi inayopendekezwa si ndefu. Chini ya aya hiyo ya Luka ingetosha kusema kwamba neno la asili lina maana ya mtu aliyekwisha kupewa neema na anayedumu nayo. Kwamba Wakatoliki hukazia kudumu huko, na Waprotestanti hukazia kupewa. Sharti ni moja tu: sentensi juu ya Wakatoliki isomwe kwanza na Mkatoliki, na ile juu ya Waprotestanti isomwe na Mprotestanti, na kila mmoja akubali kwamba hivyo ndivyo asemavyo. Kazi hiyo yawataka wanatheolojia, lakini haiwezi kukamilika bila wanaisimu wa Kiswahili.