Chuma baharini: tuache kupiga makofi mbele ya mavuno

Wandugu, hapa kwetu kila mara mtu analeta lile wazo la kumwaga chuma baharini ili kaboni ipungue hewani, na sisi wote tunapiga makofi. Mimi niko agronomu, bahari sijaifanyia utafiti hata siku moja. Lakini mbolea naijua, na hili ni wazo la mbolea. Basi nalikosoa kama vile tunakosoa shamba.

Linatoka kwa John Martin, Mumarekani mwenye aliandika mwaka 1990 kwamba bahari inayozunguka Antaktika iko na azoti na fosfori ya kutosha, lakini fitoplanktoni, vile vimea vidogo sana vyenye kuelea majini, ni chache juu chuma kinakosekana. Zamani za barafu, upepo ulileta vumbi lenye chuma, vimea vikaongezeka na kunyonya kaboni. Ni pipa ya Liebig yenye tulichorewa ubaoni: ubao mfupi kupita zote ndio unaamua maji yatafika wapi. Hapo Martin alisema kweli. Alikufa 1993, na majaribio yenye yalianza baharini mwaka huo yalionyesha kama ukitia chuma, vimea vinaongezeka.

Shida yangu ni hatua ya pili. Kaboni inaondoka kwa muda mrefu kama vimea vinazama mbali chini. Vikiliwa pale juu, sehemu kubwa inarudi majini na hewani.

Angalia majaribio mawili ya meli moja ya Ujerumani, Polarstern. Mwaka 2004, chuma kiliotesha diatomu, vimea vyenye ganda la silisi. Kisha zikashikamana mafungu mafungu na kuzama: angalau nusu ilipita metre 1.000 chini. Mwaka 2009, Wajerumani pamoja na Wahindi walirudilia jaribio sehemu ingine ya bahari hiyo. Silisi ilikuwa kidogo sana, diatomu hazikuweza kujenga ganda. Vimea vingine, vidogo na bila ganda lile, vikakua, na vidudu vya jamii ya kamba vikavila. Kaboni kidogo tu ndiyo ilizama. Mbolea ni ileile, jibu likawa lingine.

Kwa hiyo ubao mfupi ulikuwa wa pili, silisi. Tena pipa ya Liebig haina midomo: haikuambie nani ataota wala nani atakula.

Nasema hivi na haya kidogo. Kisha kupata lisansi, nilishauri shangazi yangu anunue mfuko wa urea kwa mahindi yake. Nilimwambia aitie mbele ya palizi. Shamba likawa kijani sana, kila mwenye kupita barabarani anasifu. Kumbe nusu ya kijani kile ni magugu. Mavuno hayakurudisha hata bei ya mfuko. Shangazi hakunigombeza, ila msimu uliofuata hakuniuliza kitu.

Kwa hiyo mtu akituonyesha picha ya bahari yenye imegeuka kijani, tumuulize kwanza: kijani cha nani? Nini ingine inakosekana pale? Na kiasi gani kilifika chini? Wenzangu wa hidrobiolojia, kama nimekosea, munisahihishe.