Kitabu cha Padre Tempels na Jamaa ya Makambini

Kuna kitabu kimoja kilichozaliwa hapa kwetu Katanga, habari zake zikafika mpaka Paris na Dakar, lakini katika parokia zetu za makambi ni wachache waliopata kukifungua. Ndicho kitabu cha Filosofia ya Kibantu, alichokiandika Padre Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji. Kwa Kifaransa kilitolewa mwaka 1945 mjini Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Wataalamu wamekwisha kukipima kwa mizani yao. Sisi twataka kukipima kwa ulizo moja tu: je, mtumishi huyu aliliimarisha Kanisa la mahali hapa, na kwa njia gani?

Kwanza tuseme lililo jema. Padre Tempels alifika Kongo mwaka 1933. Siku zile Wazungu wengi walidhani mtu mweusi hana fikira zilizopangwa, ana desturi na hofu tu. Yeye alikataa. Alisema Wabantu wana hekima yao, na mzizi wake ni nguvu ya uzima. Mtu aweza kuongezewa nguvu hiyo au kupunguziwa. Tena hakuna kiumbe kinachosimama peke yake, kila kimoja chategemea vingine. Kusema hivyo wakati ule kulihitaji moyo mgumu. Monsinyori de Hemptinne, Vikari wa Kitume wa Katanga, hakupendezwa hata kidogo. Lakini mwaka 1949 Alioune Diop wa Senegali alikitoa kitabu tena mjini Paris, akakisifu mbele ya Waafrika wenzake.

Hata hivyo kitabu kina upungufu, nasi tusiufiche kwa sababu ya heshima. Chasema juu ya Wabantu, hakisemi nao. Mwandishi anawaelekea wakoloni wenye nia njema, awafundishe namna ya kuwaongoza watu wao vizuri zaidi. Mluba, Mlamba na Mbemba wanawekwa katika kapu moja, wala hatusikii mmoja wao akijibu kwa kinywa chake. Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, alikilaumu kwa ukali. Alitaka tuone kwamba kuisifu roho ya Mbantu hakumgharimu mkoloni kitu, maana mashamba na migodi yabaki mkononi mwake. Lawama hiyo ina ukweli. Kumsifu mtu si sawa na kumtumikia.

Basi, kama Padre Tempels angeishia kwenye kitabu, tungemhesabu kuwa mwandishi hodari, hayo tu. Lakini mwaka 1953 alikuwa Ruwe, karibu na Kolwezi, katika kambi ya wachimba migodi wa Union Minière. Sisi wa Kipushi twaijua kambi, hakuna haja ya kuelezwa. Tangu miaka ya 1920 kampuni iliona faida ya mfanyakazi kukaa pamoja na mkewe. Ikampa nyumba, posho, shule na hospitali. Watu wa makabila mengi walikaa ukuta kwa ukuta, mbali na wazee wao. Hata Kanisa lilielekea kufanana na posho: hutolewa na wakubwa, watu hupanga mstari na kupokea.

Hapo Padre alibadili njia. Aliacha kuwaeleza watu wao ni nani, akaanza kuwauliza wanatamani nini, na yeye akawafungulia moyo wake. Katika mazungumzo hayo ilizaliwa Jamaa. Mafundisho yake yalisimama juu ya maneno matatu, nayo si ya Kilatini wala ya Kifaransa: uzima, uzazi, mapendo. Waliyatafakari mume na mke pamoja. Tena waliokwisha kufundishwa waliwazaa wengine kiroho, wakaitwa baba na mama zao. Ndugu msomaji, angalia jambo hili. Mchimba shaba, ambaye kazini husikia amri tu kutoka asubuhi hadi jioni, amekuwa baba katika Kanisa. Mkewe, ambaye hakuulizwa neno na mtu, amekuwa mama wa wakristu. Ile nguvu ya uzima iliyoandikwa kitabuni ilipata miguu, ikatembea kambi kwa kambi.

Mwaka 1962 Padre Tempels alirudi Ubelgiji, asirudi tena. Alifariki huko mwaka 1977. Jamaa haikuondoka naye. Nadhani hapa ndipo penye kipimo cha kweli. Kazi ya mtumishi haionekani vizuri akiwapo, maana watu hushika kwa ajili yake. Huonekana siku anapofunga sanduku lake.

Lakini Jamaa nayo yafaa kuhukumiwa kwa haki. Mafundisho yalikuwa na ngazi, nao waliofika juu walianza kuona wamejua siri ambayo wakristu wengine hawaijui. Wengine walipotoka kabisa, wakaitwa Katete, na katika miaka ya 1970 maaskofu walilazimika kutoa maagizo makali. Tena kundi lililojengwa juu ya mume na mke, mjane atakaa wapi? Na katika mji wa mgodi wajane si haba. Uzazi wa kiroho usiomfikia huyo umesahau neno la tatu, mapendo. Jamaa ikijifunga mlango hugeuka ukoo mpya, na koo tulikuwa nazo tangu zamani.

Kwa nini nayakumbusha haya Kipushi? Kwa sababu mwaka 1993 mgodi wetu ulisimama. Posho na mshahara vilikwisha, lakini ubatizo, ndoa na mazishi havikungoja kampuni. Zamu ya kumtembelea mgonjwa haikuwa na mlipaji. Mwaka 2024 mgodi ulianza kutoa zinki tena, na fedha zimeanza kuzunguka. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Walakini hatari ya zamani yaweza kurudi pamoja na fedha: tungoje tena Kanisa la kupewa, padre awe karani wa posho ya roho, nasi wapokeaji tu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kitabu cha Padre Tempels kisomwe, hasa na waseminari, lakini kisomwe kama mlango, si kama nyumba. Nyumba ilijengwa Ruwe, na waliobeba matofali ni wachimba migodi na wake zao. Mwenye kutaka kutumikia kwa uaminifu katika jumuiya yake, asiulize kwanza atawafundisha nini jirani zake. Aulize ni nani atakayeendelea kuwatembelea wagonjwa siku yeye hayupo, na kama mjane wa nyumba ya pili anajua mlango wa kubisha.