Roboti na Boi: Sheria za Asimov Zikisomwa Lubumbashi

Katika uhakiki wa bunilizi za kisayansi, Isaac Asimov (1920–1992) husifiwa kwa kumvua roboti sura ya zimwi. Neno lenyewe lilienezwa na tamthilia ya Karel Čapek, R.U.R. (1920), ambamo watumishi waliotengenezwa kiwandani wanawaasi mabwana wao. Katika Kicheki, robota ni kazi ya shokoa. Asimov aliuzima uasi huo kwa sheria tatu, zilizotajwa waziwazi katika hadithi ya "Runaround" (1942): roboti asimdhuru binadamu wala asiache adhurike, atii amri za binadamu, isipokuwa zinazokiuka sheria ya kwanza, ajilinde mwenyewe, mradi asizivunje hizo mbili. Athari yake ni pana. Hata Data, roboti mwenye umbo la mtu katika mfululizo wa Star Trek ulioanza mwaka 1987, amepewa ubongo wa aina aliyoibuni Asimov.

Hata hivyo, msomaji wa Bel-Air, katika komini ya Kampemba jijini Lubumbashi, ana sababu ya kuzisoma sheria hizi kwa jicho jingine. Katika riwaya ya The Naked Sun (1957), roboti huitwa "boy". Ndilo jina aliloitwa mtumishi wa nyumbani katika Elisabethville ya Wabelgiji, mji uliobadilishwa jina kuwa Lubumbashi mwaka 1966. Kutii kwanza na kujijali mwisho hakukuwa ndoto ya kisayansi kwa boi; ndiyo yaliyokuwa masharti ya kazi yake.

Lakini boi aliandika. Mwaka 1965, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani, André Yav aliitunga kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji huo, Vocabulaire, ambayo Johannes Fabian aliichapisha pamoja na uchambuzi mwaka 1990. Hapa ndipo udhaifu wa Asimov unapojitokeza. Katika "The Bicentennial Man" (1976), Andrew anaomba uhuru mahakamani, na hatimaye anakubali kufa ili atambuliwe kuwa mtu. Hadithi inagusa moyo, ila hakimu ni yule yule bwana. Wazee wa Elisabethville hawakuomba kutambuliwa. Walisimulia waliyoyaona, na bwana akawa ndiye anayesimuliwa.

Aidha, roboti wa kuongoza magari wa mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, waliosimamishwa Kinshasa mwaka 2013 na baadaye Lubumbashi, wameipindua sheria ya pili: roboti anaamuru, dereva anatii.

Hivyo basi, mwandishi wa Kiswahili atakayembuni roboti halazimiki kuanzia kwa Asimov. Sheria zake zinaonyesha jinsi bwana anavyojihakikishia usalama. Swali la mtumishi anafikiri nini anapotii lilikwisha kujibiwa Katanga, tena kwa Kiswahili.