"Ave Africa": Roki Iliyoimbwa kwa Kiswahili

Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, washikilizi wa vina na mizani walimwona ameingiza ugeni katika nyumba ya ushairi. Katika muziki, ugomvi kama huo ulikwisha kuzuka. Novemba 1969, muziki wa soul ulipigwa marufuku madansini Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unawapotosha vijana na kuudhalilisha utamaduni wa taifa. Haukupita muda mrefu bendi ya Sunburst ikaanza katika mji huohuo. Ikautwaa mdundo uliokatazwa, ikauchanganya na gitaa kali la roki, na juu yake ikaimba Kiswahili.

Sahani yao kubwa, Ave Africa, ilitoka Zambia mwaka 1976. Miaka arubaini ikapita kabla kampuni ya Strut ya London kuitoa upya pamoja na rekodi zao nyingine tangu 1973.

Wimbo wa kuusikiliza kwanza ni "Enzi za Utumwani". Msomaji wa Pwani, aliyezoea tenzi kughaniwa taratibu, hutarajia maombolezo. Hupata ngoma ya kuchezeka, na gitaa la Hembi Flory Kongo linalokoroma. Je, utumwa ni jambo la kuchezewa dansi? Swali si la kupuuzwa, hasa kwa watu wanaoishi karibu na Bagamoyo na soko la Mkunazini.

Sikio la Idodi, huko Iringa kwenye njia iendayo Hifadhi ya Ruaha, huenda lisingeuliza hivyo. Mpiga ligombo wa Kihehe hurudiarudia kifungu kifupi cha nyuzi, huku akisimulia vita na misiba; marudio ndiyo yanayoibeba habari, na kumkumbuka Mkwawa hakudai ukimya. Sunburst wanafanya kazi iyo hiyo kwa umeme. Hata neno "Ave", linalomkwaza msikilizaji wa visiwani, huko si geni. Wakatoliki wa Tosamaganga wanalijua tangu zama za Wajerumani. (Ajabu ya sahani hii: jina lake linaeleweka vizuri zaidi bara kuliko bandarini.)

Si kila wimbo umefaulu. "Let's Live Together" ni wa nia njema, lakini maneno yake ni ya mabango, na Kiingereza chake kinaifanya bendi ifanane na nyingine nyingi za zama zile. Sauti ya James Mpungo inaporudi katika Kiswahili mambo hubadilika. Mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho unaikuta ngoma pale pale inapoanguka, na irabu ya mwisho inabaki wazi, mwimbaji aivute apendavyo. Vina vya makusudi ni haba. Mizani haikuhesabiwa kwa vidole, bali mpiga ngoma ndiye anayeihesabu.