Uhakiki wa Vigezo vya Kuteua Viunzi vya JavaScript na Zana za Ujenzi wa Tovuti: Mfano wa Shughuli za Utalii Karatu na Ngorongoro

Sehemu hii inahakiki vigezo vinavyotumiwa na wasanidi wa tovuti katika kuteua viunzi vya JavaScript pamoja na zana za ujenzi, yaani programu zinazokusanya na kubana msimbo kabla haujapelekwa kwenye seva. Mfano unaozingatiwa ni tovuti za nyumba za wageni, kambi za hema na waongoza watalii wa Karatu, mji ulio kando ya barabara itokayo Arusha kuelekea lango la Lodoare la Hifadhi ya Ngorongoro. Hoja kuu ni kwamba vigezo vilivyozoeleka humfaa msanidi zaidi kuliko mwenye tovuti na msomaji wake.

Dhana ya kiunzi si ngeni kwa msomaji wa tasnifu, aliyezoea kiunzi cha nadharia. Kiunzi ni umbo linaloshikilia kazi nzima. Hata hivyo, katika riadha neno hilohilo hutaja kizuizi anachoruka mkimbiaji. Uhakiki huu unauliza ni wakati gani kiunzi cha JavaScript huacha kuwa umbo na kuwa kizuizi.

Kigezo cha kwanza ni umaarufu. Wanaokitetea wana hoja yenye uzito: kiunzi kama React, kilichotolewa na Facebook mwaka 2013, kina wataalamu wengi, hivyo msanidi wa kwanza akihama, mwingine hupatikana. Pamoja na hayo, umaarufu si dhamana ya maisha marefu. AngularJS ya Google ilianza mwaka 2010 na kuenea sana. Mwaka 2016 ilitolewa Angular mpya isiyopatana nayo, na ilipofika mwisho wa mwaka 2021 msaada wa AngularJS ulikoma. Vilevile, Create React App, iliyoanza mwaka 2016 kama njia nyepesi ya kuanzisha kazi za React, ilitangazwa mwaka 2025 kuwa haipendekezwi tena. Kampuni kubwa huweza kugharimia uhamaji wa namna hiyo. Mwenye kambi ndogo aliyelipia tovuti mara moja hana fungu la kuiandika upya.

Kigezo cha pili ni wepesi wa kazi ya msanidi. Vite, iliyotolewa mwaka 2020, humwonesha msanidi mabadiliko haraka kuliko webpack ya mwaka 2012 ilivyozoeleka kufanya. Faida hiyo ni ya kweli, lakini ni ya mezani kwake. Aidha, zana hizi huleta vitegemezi vingi vilivyoandikwa na watu wasiofahamiana. Mwezi Machi 2016, kuondolewa kwa kifurushi cha left-pad, chenye mistari 11 tu ya msimbo, kulikwamisha ujenzi wa programu nyingi duniani. Izingatiwe kuwa tovuti zilizokwisha kujengwa ziliendelea kufanya kazi. Aliyekwama ni aliyetaka kujenga upya, kama angekwama mwenye kambi anayetaka kubadili bei tu.

Kigezo kinachosahaulika ni hali ya msomaji. Inaweza kudaiwa kwamba mgeni huweka nafasi akiwa Berlin au London, penye mtandao wa kasi. Dai hilo ni nusu ya ukweli. Mgeni huyohuyo huifungua tovuti tena akiwa safarini, na mwongozaji huitazama kwenye simu katika nyanda ambazo milima, mabonde na kuta za kreta zenye kimo cha takribani mita 600 huzuia mawimbi. Ni kweli pia kwamba picha moja ya simba huweza kuwa nzito kuliko React, inayozidi kilobaiti 40 hata baada ya kubanwa. Tofauti ni kwamba picha isipofika, maandishi husomeka. Msimbo usipofika, tovuti inayoutegemea kuchora kila kitu hubaki nyeupe, bila bei wala namba ya simu.

Kwa hiyo, ukurasa wa maelezo, bei na mawasiliano unafaa kuandikwa kwa HTML iliyo kamili, JavaScript ikiongezwa juu yake. Kiunzi kizito kina nafasi yake pale ambapo taarifa hubadilika mbele ya mtumiaji, kwa mfano kalenda ya vyumba vilivyo wazi. Kabla ya kuteua, maswali matatu yajibiwe. Je, ukurasa unasomeka bila JavaScript? Je, matoleo ya vitegemezi yamehifadhiwa ili ujenzi urudiwe baada ya miaka mitatu? Je, yupo mtu Karatu anayeweza kubadili bei bila kumsubiri msanidi?

Kwa kuhitimisha, ubora wa kiunzi haupimwi siku tovuti inapozinduliwa. Hupimwa msimu wa watalii unaporejea, msanidi akiwa amekwisha ondoka na mwenye kambi akiwa na bei mpya ya kuandika.