Mshumaa Uliogeuka Mwenge

Mkaazi wa Moshi anayetaka kuiona Kibo huamka mapema, kabla mawingu hayajaufunika mlima. Huko juu, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, ndiko Mwalimu Julius Nyerere alikotamani kuweka mshumaa. Aliyasema hayo kwa Kiingereza tarehe 22 Oktoba 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika: kwamba watu wa nchi hiyo wangependa kuwasha mshumaa juu ya Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yao, ulete matumaini, upendo na heshima kwa waliovikosa. Mwezi mmoja kabla, chombo cha Warusi kilikuwa kimeufikia mwezi wa mbinguni. Naye hakuona haya kukiri kwamba Tanganyika haina roketi za namna hiyo, ila yaweza kuwapelekea wanaadamu wenzake roketi za upendo.

Katika Kiswahili mshumaa huo haukubaki mshumaa. Umekuwa mwenge. Mshumaa ni wa chumbani na kanisani, na pumzi moja huuzima. Mwenge watu wa pwani waujua: ni kicha cha makuti makavu anachokwenda nacho mtu usiku, na upepo mdogo hauuzimi bali huuchochea. Kwa kilele chenye barafu na dhoruba, Kiswahili kimechagua vizuri zaidi ya Kiingereza. Lakini kipo kilichopotea. Ile 'wangependa' ya mwaka 1959 ilikuja kuwa 'tumekwisha'. Luteni Alexander Nyirenda alipousimamisha mwenge na bendera kileleni, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, kitenzi hicho kilipata shahidi wake. Tangu hapo tamaa iliyokuwamo imetoka, ikabaki fahari. Na mbio za Mwenge za kila mwaka zimeyazoesha masikio hata wengi huikariri kauli hii bila ya kuisikia.

Uzito wake umo katika jozi tatu za mwisho. Mbili za kwanza, matumaini palipo na kukata tamaa na upendo palipo na chuki, zafanana mno na sala inayonasibishwa na Mtakatifu Fransisko wa Asizi (ingawa maandishi yake ya kwanza yanayojulikana yalichapwa Ufaransa mwaka 1912, karne nyingi baada ya mtakatifu huyo kufa). Nyerere alikuwa Mkatoliki mshika ibada, na mwangwi huo si wa kushangaza. Jozi ya tatu haimo katika sala ile. Heshima palipo na dharau: hilo ni ombi la mtu aliyetawaliwa, na ndilo linaloitoa kauli hii kanisani na kuileta barazani.

Tena dharau yenyewe ina makaburi yake kwenye miteremko ya mlima huo huo. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli huko Old Moshi, pamoja na viongozi wenziwe, chini ya kilele ambacho Hans Meyer alikuwa amekwisha kukipachika jina la Kaisari Wilhelm mwaka 1889. Wazao wa Meli wamelitafuta fuvu la mzee wao Ujerumani kwa miaka mingi. Aisomaye kauli ya Mwalimu bila ya kulikumbuka kaburi hilo lisilotimia, ataliona neno 'heshima' kuwa ni pambo la kufungia sentensi.

Msomaji wa Unguja au Pemba ana lake la kuongeza. Mwaka 1959 Visiwa vilikuwa nje ya mipaka iliyotajwa. Vilikuwa miongoni mwa wa kumulikwa. Tarehe 26 Aprili 1964 vikawa ndani, na baadaye Mwenge ukavushwa bahari kuja kukimbizwa huku. Neno 'yetu' limetanuka pasi na kubadilishwa herufi hata moja. Aliyekuwa akimulikwa kwa mbali naye akawa mshika mwenge, na ni haki yake kuuliza kama, siku maneno yale yalipotamkwa, kwake kulikuwa kiza.